Je, Wajua? Kengele «Went Off», Taa Nazo «Went Off»

Je, wajua kwamba Mwingereza akisema kengele "went off" ana maana kuwa imelia, lakini akisema taa "went off" ana maana kuwa zimezimika? Kitenzi ni kilekile. Maana huamuliwa na kiima, kwa hiyo tazama kwanza ni kitu gani kinachozungumziwa.

Je, wajua kwamba bomu likilipuka, maziwa yakiharibika na msafiri akishika njia, yote hayo ni "go off"? Sherehe iliyokwenda vizuri nayo "went off well". Uingereza, aliyeacha kupenda kahawa "has gone off coffee". Marekani, anayemfokea mwenzake "goes off on" huyo mwenzake.

Je, wajua kwamba sentensi "the gun went off" haimtaji mtu yeyote? Kiswahili kinaiweza kazi hiyo barabara: anayefyatua yupo, lakini bunduki iliyofyatuka haisemi nani aliyegusa kifyatulio. Mkalimani wa mahakamani akikimbilia kusema "alipiga risasi", amemtia mtu hatiani kwa neno ambalo shahidi hakulitamka. Hapa kosa la lugha linaweza kumfunga mtu, na wanaofundisha ukalimani wanapaswa kulisisitiza tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba "off" na "of" zamani zilikuwa neno moja? Tahajia zao zilitengana kabisa katika karne ya 17. Na "went" haikuzaliwa na "go". Ilitoka kwa kitenzi kingine, "wend".

Je, wajua kwamba Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kuwa vitenzi vya namna ya "go off" ndivyo vinavyowasumbua wageni kupita kiasi? Mwanafunzi anayehangaika navyo leo asijione mzito wa kichwa. Jina lao, "phrasal verb", lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith mwaka 1925.

Je, wajua kwamba mwanaisimu C. K. Ogden alipotangaza Kiingereza chake chepesi mwaka 1930, alibakiza maneno 850 tu, na vitenzi 18 miongoni mwake? Maelfu ya vitenzi alivyoviacha, alitaka vifidiwe kwa kuunganisha vile vichache na vijineno kama "up", "out" na "in", yaani kwa muundo uleule ambao Johnson alikuwa ameuona mgumu kwa wageni. "Go" na "off" zote zimo katika orodha yake.