Mteja Wako Anaandika Nini Kwenye Google?

Shangazi yangu anaangua vifaranga karibu na Thika. Mwaka jana alimlipa kijana fulani amtengenezee tovuti, na kusema kweli ilitoka safi: picha nzuri, namba ya till chini ya kila ukurasa, kila kitu. Miezi minne ikapita bila oda hata moja kutoka huko. Na biashara ya vifaranga haina subira. Yai la kuku likiingia kwenye mashine leo, baada ya siku 21 linaanguliwa, mnunuzi awepo asiwepo. Kifaranga asiponunuliwa anakula chakula chako.

Nilipoifungua ile tovuti, maneno ya juu kabisa yalikuwa "Suluhisho za Kisasa za Ufugaji Endelevu". Nikamuuliza, "Shangazi, kuna mteja amewahi kukupigia akisema anatafuta suluhisho endelevu?"

Akacheka. "Wanauliza kifaranga ni pesa ngapi, na kama naweza kuwatumia Machakos."

Basi hayo ndiyo maneno ya kutafutia. Ni yale mteja anaandika kwenye Google wakati bado hajui kama wewe upo. Ukitumia maneno yako ya kujisifu, yeye na wewe mtapitana tu.

Kabla ya kufungua programu yoyote, fungua WhatsApp. Tulikaa jioni nzima tukisoma jumbe za wateja wake na kunakili walivyouliza, pamoja na makosa yao ya kuandika. Tukapata "bei ya vifaranga wa kienyeji", "day old chicks price", "uko na kuroiler?", "vifaranga Thika ni how much". Mkenya hutafuta kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa zote mbili katika sentensi moja, kwa hivyo usichague lugha moja ati kwa sababu inaonekana rasmi. Ila ukiandika kwa Kiswahili bila kutaja mahali, utapata pia wasomaji kutoka Tanzania. Karibu sana, lakini shangazi hana namna ya kuwafikishia vifaranga. Taja mji wako na uandike bei kwa KSh, na kila mtu atajua mapema kama umfae.

Kisha nenda kwenye Google yenyewe. Andika "vifaranga wa" halafu usibonyeze kitu. Ile orodha inayojitokeza inatokana na mambo ambayo watu hutafuta kweli. Mara nyingi utaona pia maswali katikati ya matokeo. Hayo ni vichwa vya kurasa ambavyo umepewa bure. Google Trends nayo haina malipo. Chagua Kenya, weka maneno mawili, ulinganishe. Kumbuka tu kwamba ile 100 unayoona si idadi ya watu, ni kilele cha utafutaji katika kipindi ulichochagua. Mimi huitumia zaidi kujua msimu. Shangazi anasema kuku wa kienyeji wa kuuzwa Disemba hununuliwa akiwa kifaranga Julai au Agosti. Ukurasa ukiwekwa Agosti mwishoni umechelewa, maana Google yaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla haijaupandisha.

Sasa, si kila neno linalotafutwa sana lina faida. Mtu akiandika "kuku" peke yake, huenda ni mwanafunzi ana homework, au kuna mtu jikoni anataka kujua namna ya kupika, au mfugaji ambaye kuku wake wameanza kufa. Isitoshe, hapo unashindana na tovuti kubwa za dunia nzima. Lakini anayeandika "vifaranga wa kuroiler siku moja Thika bei" tayari ana pesa kwa simu. Watu kama huyo ni wachache, na ndio unaowataka. Ndiyo maana sitishiki programu ikiniambia neno la aina hiyo halina watafutaji wengi. Wanunuzi watano kwa mwezi, kila mmoja akichukua vifaranga mia, kwa shangazi si mchezo.

Kuna pia maneno ya kuachana nayo. Usiweke "bei rahisi zaidi Kenya" kama si kweli, wala "tunatuma kila mahali" kama gari lako linaishia Machakos. Mtu ataingia, ataona ukweli, atatoka, na hatarudi.

Ukishapata maneno, yaweke mahali yanapoonekana: kwenye kichwa cha ukurasa, sentensi ya kwanza, na anwani ya ukurasa wenyewe. Hitaji moja, ukurasa mmoja. Bei iwe na ukurasa wake, usafirishaji na wake. Yule kijana alikuwa amejaza maneno zaidi ya sitini katika kile kisanduku cha siri nyuma ya ukurasa, ambacho msomaji hakioni. Google ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo. Tulikifuta. Kurudia "vifaranga vifaranga vifaranga" kila mstari nako Google hukuhesabu kama udanganyifu.

Mwisho tuliunganisha tovuti na Google Search Console, ambayo pia ni ya bure. Hii inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi tovuti yako ikatokea, ni mara ngapi ilitokea, na ni wangapi walibonyeza. Oda ya kwanza ilikuja wiki ya sita, kutoka Machakos kama alivyotabiri.

Lakini kilichomshangaza shangazi kilikuwa kwenye hiyo orodha ya Search Console. Tovuti yake ilikuwa ikitokea kwa watu wanaotafuta "vifaranga wa mwezi mmoja waliochanjwa", kitu ambacho hakuwa anauza. Siku hizi wale wa siku moja wanaobaki hawauzi tena kwa hasara. Anawalea wiki nne, anawachanja dhidi ya Newcastle na Gumboro, kisha anawauza kwa bei ya juu. Ukurasa wao tuliuandika Jumapili iliyopita, na bei iko mstari wa kwanza.