Ramani ilimponza mumewe, yeye akaichora upya

Ushawahi kufuata ramani ya simu ikakufikisha kwa ukuta wa ploti ya watu, na bado inakwambia umefika? Unacheka, unampigia mwenyeji wako, mambo yanaisha. Leonidas Hubbard hakuwa na wa kumpigia.

Jamaa alikuwa mwanahabari Marekani. Mwaka wa 1903 aliingia nyika ya Labrador, kaskazini mashariki mwa Canada, na wenzake wawili: Dillon Wallace na George Elson, mwongozaji mwenye asili ya Wacree. Ramani waliyobeba ilionyesha mto mmoja tu ukiingia Grand Lake. Kumbe iko kadhaa! Wakaupita Mto Naskaupi waliokuwa wakiutafuta, wakashika kijito cha Susan. Wiki baada ya wiki walikokota mtumbwi juu ya mawe hadi chakula kikaisha. Oktoba, Elson akiwa ameenda kutafuta msaada, Hubbard alifia ndani ya hema kwa njaa.

Mjane wake, Mina, alikuwa muuguzi, si mpima ardhi. Wallace alipoandika kitabu kuhusu safari ile, Mina aliona jina la mumewe limetiwa doa. Basi akaamua kuimaliza safari mwenyewe. Akajifunza kutumia sekstanti, kifaa cha kupima kimo cha jua ili ujue uko wapi duniani. Akamwajiri Elson yule yule, pamoja na Job Chapies, Joseph Iserhoff na Gilbert Blake. Juni 27, 1905 wakang'oa nanga. Wallace naye akaingia na kikosi chake. Mashindano hayo!

Vijana wakipiga kasia, Mina alipima na kunakili: maziwa, maporomoko, kona za mto. Agosti 27 walifika Ghuba ya Ungava, baada ya takriban kilomita 900. Wallace? Alitokea Oktoba.

Ramani ya Mina ya mito Naskaupi na George ilikubaliwa na wanajiografia wa Marekani na Uingereza.

Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo stori hii ilinigusa. Lakini si ati masomo hayana maana. Mina hakubahatisha: alijifunza kazi, akatafuta watu wanaoijua nyika, akawasikiliza.

Wewe je, ramani unayofuata maishani ilichorwa na nani? Na alifika huko kweli?