Nipe Mji: Juu ya Mchezo Usioandikwa na Onyesho Lake la Mwisho

Kwa umbo lake, jina la Ngomeni latokana na ngome, wala si ngoma, ingawa kikundi cha wanafunzi kinachofika huko kufunga mwaka kwa mchezo huenda kikatamani iwe kinyume. Neno jukwaa nalo lina maana ya pekee mahali hapo. Baharini, mbele ya kijiji, Waitalia waliweka majukwaa ya chuma ya San Marco. Kutoka huko setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na urushaji wa mwisho ukafanyika mwaka 1988. Kazi ile ilikuwa ya hesabu hadi nukta ya mwisho. Mchezo tunaokusudia kuueleza hapa ni kinyume chake kabisa: wachezaji huingia uwanjani bila maandishi, bila kujua nani atakuwa nani, wala kisa kitaishia wapi.

Wasomi wengi wakiuzungumzia mchezo wa namna hii huanzia Chicago, ambako kikundi cha Compass kilianza mwaka 1955 karibu na chuo kikuu cha mji huo, na ambako mazoezi ya Viola Spolin, yaliyochapishwa kitabuni mwaka 1963, yalipata wafuasi wengi. Hatuna ugomvi na historia hiyo. Lakini mwanafunzi wa Pwani anayewaambia watazamaji, "Tupeni mahali," asidhani kwamba amejifunza jambo geni. Amelisikia tangu utotoni katika vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili," wakamjibu, "Tega". Wakishindwa kutegua, yeye hudai apewe mji. Wakimpa Lamu au Mombasa, hana budi kwenda. Husimulia safari yake, alivyopokewa na alichokula, nao wasikilizaji wakimcheka, kisha ndipo hufumbua. Safari ile haikutungwa nyumbani. Hutungwa pale pale, juu ya jina lililochaguliwa na mtu mwingine, na mtegaji akiukataa mji aliopewa, mchezo umevunjika. Kanuni kuu ya wachezaji wa Chicago, kwamba alichokupa mwenzako ukipokee na ukiongeze, imo humo yote.

Tena utungaji wa namna hii haukuwa wa kuchekesha tu. Katika masimulizi ya Fumo Liongo, shujaa alipofungwa alimwimbia mjakazi Saada kwa mafumbo, ili mama yake atie tupa ndani ya mkate wa wishwa na walinzi wasielewe.

Onyesho la mwisho wa mwaka lina uzito wake. Tamthilia iliyoandikwa, kama vile Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, yaweza kuchezwa tena na wanafunzi wa mwaka ujao. Mchezo usioandikwa hauna mwaka ujao. Wanaohitimu huondoka nao, na pamoja nao huondoka yale mazoea ya kujuana: huyu akishusha bega, mwenziwe hujua kwamba amekwama, yule akirudia neno mara mbili, mwenziwe hujua kwamba ataka kutoka. Mazoea hayo hujengwa kwa miezi, wala hayaandikiki daftarini. Ndiyo maana siku ya mwisho wachezaji huingiwa na tamaa ya kurudia kichekesho kilichowahi kufaulu. Kwa maoni yetu hilo ni kosa kubwa, na hadhira hulitambua upesi, kama kiporo kinavyotambulikana hata kikipashwa moto.

Kosa jingine ni kuchekesha kabla ya kusikiliza. Tuseme mchezaji yuko Ngomeni, ameomba mahali, na mtu amejibu kutoka nyuma, "Kwenye chumvi." Mgeni huona lundo jeupe na nafasi ya utani. Lakini mashamba ya chumvi ya Magarini yamezusha migogoro mikubwa ya ardhi na mazingira, hata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa taarifa yake mwaka 2006. Basi aliyetoa jina hilo huenda ametoa shamba la baba yake. Mchezaji akilikataa, amevunja kanuni. Akilifanyia mzaha, amewaudhi wenyeji waliomkaribisha. Njia iliyobaki ni ile iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazili: kukisimamisha kisa mahali pagumu, na kumwita mwenyeji aingie uwanjani aonyeshe yeye angefanyaje. Hapo mwanafunzi aliyekuja kuaga huketi mkekani pamoja na watoto, na kisa huendelea mikononi mwa mtu asiyekuwa na mtihani wala cheti, mpaka karabai izimike, au maji yageuke na wavuvi wainuke kwenda zao.