Istilahi za Kugeuza na Kupaka Rangi Visanamu vya Askari

Mchezo wa vita ni mchezo wa mezani ambao wachezaji wake huigiza mapigano ya kihistoria kwa visanamu vya askari, rula na kete. Chimbuko lake ni mazoezi ya maofisa wa jeshi la Prussia mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni zake kwa raia. Wapenzi wa mchezo huu hujifunza pia kuvigeuza visanamu vya dukani na kuvipaka rangi. Maelekezo ya kazi hiyo humpa mfasiri taabu, kwani mengi ya maneno yake ni ya kila siku yaliyopewa maana ya pekee.

Tumechagua kisanamu badala ya sanamu kwa sababu ya udogo: kwa uwiano wa 1:72, mtu wa sentimita 180 huwa na milimita 25 tu. Ama kugeuza, tumelipendelea kuliko kubadili, ambalo limekwisha kubebeshwa fedha, dini na nguo. Askari wa miguu wa Napoleon aliyevaa koti refu, akikatwa kichwa na kupachikwa kingine chenye kofia ya manyoya ya dubu, hugeuka kuwa askari wa kikosi cha walinzi. Kupachika nako kunafaa kuliko kubandika. Visanamu vya plastiki laini, kama vile vilivyotolewa na Airfix ya Uingereza tangu 1959, havishiki vyema gundi ya kawaida. Kichwa hushikiliwa kwa pini iliyopenyezwa shingoni.

Neno risasi lataka hadhari zaidi. Visanamu vingi vya zamani vilisubiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mfasiri akiandika “kisanamu cha risasi”, msomaji aweza kudhani ni askari mwenye bunduki, asijue kwamba anaonywa juu ya sumu. Iandikwe madini ya risasi, na onyo lifuate papo hapo: vumbi la tupa lisivutwe puani, na mikono inawiwe kabla ya kula.

Lakini mtego mkubwa ni kuosha. Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuosha hasa: kisanamu husuguliwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, la sivyo rangi itabanduka. Ya pili huja mwishoni, nayo haina sabuni. Rangi nyeusi au ya kahawia huzimuliwa sana, kisha hupakwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka, ikajikusanya katika mikunjo ya nguo na kufanya kivuli. Mwanafunzi aliyesoma “osha” mara mbili atachukua sabuni mara mbili, na huenda akaiharibu kazi ya siku nzima. Kwa kazi hii ya pili twapendekeza kutiririsha rangi, maana ndivyo rangi inavyofanya.

Rangi ya kwanza, inayozisaidia nyingine kushika, haihitaji istilahi mpya. Mafundi rangi wetu huiita praima, na kamusi isiyowasikiliza mafundi itabaki rafuni.

Limebaki tendo moja gumu. Brashi huchovywa katika rangi nyeupe au ya kung’aa, ikapanguswa kwa kitambaa hata ikakaribia kukauka, kisha ikapitishwa upesi juu ya kisanamu, rangi ikashika penye miinuko tu: pua, vifungo, kingo za mkoba. Tafsiri ya neno kwa neno, yaani “brashi kavu”, humfanya msomaji afikiri kwamba brashi haina rangi kabisa. Kwa sasa twatumia kugusisha rangi, tukingoja maoni ya walimu wa sanaa na mafundi wa mabango ya matangazo, ambao pengine wana neno lao.