Kuweka si Kuhifadhi

Wahenga wetu walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitumia kupambia insha zetu na kupewa alama nzuri kwayo. Ni methali ya kweli kwa maana iliyokusudiwa, yaani kuhimiza watu kufikiria kesho. Lakini tukiichukua jinsi ilivyo na kuipeleka katika karakana, itatupotosha. Akiba ya chuma huoza. Huoza polepole, bila harufu, na mara nyingi mwenye mali hupata habari siku anapoihitaji.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, niruhusiwe kuanza na maneno. Kiswahili kina kitenzi kuweka na kina kitenzi kuhifadhi. Katika mazungumzo ya kila siku tunavitumia kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali sivyo. Kuweka ni tendo la mara moja: unakitua kitu mahali, unakwenda zako. Kuhifadhi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lina maana ya kulinda. Tazama tunavyosema kwamba fulani amehifadhi Kurani. Kila aliyepitia chuoni anajua kwamba mtu huyo hakumaliza kazi siku aliyofika sura ya mwisho. Sharti adurusu siku zote, la sivyo aya zitamponyoka moja baada ya nyingine. Hivyo basi, kuhifadhi ni tendo linalorudiwa. Mashine zetu nyingi zimewekwa, hazikuhifadhiwa.

Nchi yetu ina historia ndefu ya mashine zilizolala. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 na kikaja kununuliwa na mwekezaji mwingine mwaka 2016. Kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1976, kilianguka kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kukinunua mwaka 2007. Sisemi kwamba viwanda hivyo viliuawa na kutu. Sababu za kufungwa zilikuwa nyingine kabisa. Ninalosema ni kwamba kiwanda kinaweza kulala miaka mingi kisha kikatafutiwa mwanzo mpya. Anayefungua mlango siku hiyo hurithi kile alichokiacha aliyeufunga.

Walimu na wanafunzi wasidhani kwamba jambo hili ni la wenye viwanda peke yao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi kote nchini walichanga fedha kujenga karakana za useremala na ufundi wa chuma. Masomo hayo yalipopunguzwa baadaye, baadhi ya karakana ziligeuzwa kuwa madarasa ya kawaida na vifaa vikasukumwa pembeni. Kisha ukaja mwaka 2020, shule na vyuo vikafungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Katika chuo kimoja nilichokizuru baadaye, niliona mashine ya kukereza vyuma iliyokuwa imefunikwa kwa karatasi ya nailoni na kufungwa kamba imara. Aliyeifunika alikuwa na nia njema. Nailoni ilipoondolewa, kitanda cha mashine kilikuwa chekundu mithili ya udongo wa Kiambu. Unyevu uliofungiwa ndani haukuwa na pa kutokea.

Kutu si laana. Ni kemia ya darasani. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hubadilika, na chumvi huharakisha mabadiliko hayo. Si lazima mvua inyeshe. Usiku chuma hupoa, na hewa vuguvugu yenye unyevu inapokigusa alfajiri hutona umande juu yake. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, kutu hukimbia. Ndiyo maana hushauriwa kwamba ghala la mashine liwe chini ya asilimia 50. Mjini Mombasa, ambako unyevu mara nyingi hupita asilimia 70 na upepo huja na chumvi ya bahari, mashine isiyopakwa kitu haina kinga yoyote.

Je, mashine ihifadhiwe vipi? Kwanza isafishwe. Mabaki ya chuma yaondolewe na maji ya kupozea yamwagwe yote. Hata alama za vidole zipanguswe, kwa kuwa jasho lina chumvi. Pili, mafuta yaliyotumika yatolewe na kutiwa mapya, maana mafuta machafu hubeba maji na asidi zinazokula chuma kwa ndani. Tatu, sehemu zote zisizopakwa rangi zipakwe mafuta mazito au grisi. Nne, mikanda ilegezwe ili isiharibike kwa kuvutwa muda mrefu. Tano, mashine iinuliwe kutoka sakafuni, kwani saruji hupitisha unyevu wa ardhi, kisha ifunikwe kwa turubai linalopumua. Matundu ya mabomba yazibwe, nyigu wasije wakajenga humo, na nyaya zikaguliwe kwa sababu ya panya.

Baada ya hapo ndipo hifadhi yenyewe inapoanza. Mhimili wa mashine ukisimama mahali pamoja kwa miezi, uzito wake husukuma grisi kutoka pale beringi zinapogusana. Mtetemo wa mashine jirani, au wa malori yapitayo barabarani, huchimba vishimo vidogo katika beringi ambayo haijazunguka hata mara moja. Dawa yake ni mkono wa mtu: kila mwezi mhimili uzungushwe mara kadhaa na uachwe katika nafasi tofauti na ya awali. Mota za umeme nazo hunyonya unyevu katika nyaya zake za ndani. Fundi wa umeme azipime kabla ya kuziwasha. Anayebonyeza swichi kwa pupa baada ya mwaka mzima anaweza kuiunguza mota kwa dakika moja.

Hapa ndipo ninaporudi katika taaluma yangu. Maelezo haya yote yamo katika vitabu vinavyokuja pamoja na mashine. Vitabu hivyo aghalabu huwa vya Kiingereza, Kijerumani au Kichina, na hufungiwa katika kabati la ofisi. Mlinzi, msaidizi wa karakana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao ndio wanaoiona mashine kila siku, hawana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Tunalalamika kwamba hawatunzi vifaa, ilhali hatujawaambia kutunza ni kufanya nini.

Ninapendekeza jambo dogo. Kila mashine iliyolala ining'inizwe kadi ya Kiswahili sanifu yenye tarehe ya kusimamishwa, mafuta yaliyotiwa, siku ya kuzungushwa, jina la aliyeizungusha, na onyo la kutoiwasha kabla ya kupimwa. Kadi hiyo iandikwe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu wa kemia atafundisha kutu, wa fizikia unyevu na umeme, na wa Kiswahili atapata zoezi la uandishi wa maelekezo lenye manufaa kuliko barua nyingi za kubuni tunazozisahihisha.

Najua wapo watakaosema kwamba shule hazina fedha. Ni kweli. Lakini kitambaa, mkebe wa grisi, turubai na saa moja kila mwezi havilingani na bei ya beringi mpya, seuze bei ya mashine nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa karo ya mzazi.

Muhula huu, kabla ya shule kufungwa, mwalimu aingie karakana na wanafunzi wake, wahesabu mashine zisizotumika na kuuliza kila moja imezungushwa lini mara ya mwisho. Pasipo na jibu, hapo pana kazi ya kuanza nayo.