Nuru Isiyoonekana na Rangi Zake Nyingi

Tumezoea kuita nuru kile tu tukionacho kwa macho, ilhali macho yetu huona sehemu ndogo mno ya nuru iliyopo. Baina ya mawimbi ya redio na mionzi ya joto limo eneo ambalo wataalamu waliliita pengo, kwa kuwa kwa muda mrefu hakikupatikana chombo kizuri cha kuizalisha nuru yake. Nuru hiyo hutetemeka mara milioni milioni kwa sekunde, na kipimo chake huitwa terahezi.

Yafaa tujue manufaa yake. Nuru hii hupenya nguo, karatasi na plastiki. Tena, dawa nyingi na baruti nyingi humeza kila moja rangi zake maalumu. Basi rangi moja yaweza kutuonyesha kuwa ndani ya bahasha kimo kitu. Rangi nyingi kwa pamoja zaweza kutuambia kitu hicho ni nini.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana tabia ya leza ni kutoa rangi moja. Mwaka 1994, Jerome Faist, Federico Capasso na wenzao wa Bell Labs, Marekani, walionyesha leza ya namna mpya, yenye tabaka nyembamba mno za nusukipitishi zilizopangwa mfano wa ngazi. Elektroni hushuka daraja baada ya daraja, na kila daraja huweza kutoa chembe ya nuru. Unene wa tabaka ndio uamuao rangi. Mwaka 2002 wataalamu wa Pisa na Cambridge wakaipata nuru ya terahezi 4.4 kwa njia hiyo.

Ikiwa unene ndio uamuao, mbona zisipangwe ngazi mbalimbali ndani ya leza moja? Ndivyo walivyofanya wataalamu wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi. Mwaka 2015 walitangaza leza moja itoayo nuru tangu terahezi 1.64 hadi 3.35, yaani zaidi ya maradufu.

Kizuizi kikubwa ni joto. Leza ile ya 2002 haikufanya kazi ila katika baridi kali, kama digrii 223 chini ya sifuri. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani na Kanada waliiwezesha leza nyingine ya jamii hii, ingawa si ya rangi nyingi, kufanya kazi katika digrii 23 chini ya sifuri, baridi ipatikanayo kwa chombo cha kubebeka.

Chombo kipenyacho nguo chagusa sitara ya mtu. Kwa hiyo twawausia vijana wetu waisome fizikia kwa bidii, ili mipaka ya matumizi yake itakapowekwa, nao wawemo miongoni mwa wenye kuiweka.