Mkono Ukifa Ganzi, Usikate Tamaa

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Jirani yetu mmoja wa upande wa Othaya alijikata kwa panga kwenye kifundo cha mkono akikata nepia ya ng'ombe. Daktari aliishona neva iliyokatika, na kidonda kikapona vizuri, lakini vidole vikabaki ganzi. Baada ya miezi miwili akasema, "Huu umekwisha," akawa anatumia mkono mmoja tu. Je, ulikuwa umekwisha kweli? La hasha!

Wasomaji wapenzi, neva ni kama waya wa simu. Hupeleka amri za ubongo kwa misuli na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Ikikatwa, nyuzi zilizo upande wa vidole hufa. Kisha nyuzi mpya huchipuka kutoka upande wa juu, mfano wa mchai uliopogolewa. Hukua kama milimita 1 kwa siku. Hebu tupige hesabu: kutoka kifundo hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18. Hizo ni siku 180, yaani miezi 6, bila kuhesabu majuma ya mwanzo. Mnaona basi kwamba miezi miwili ni mapema mno!

Jambo la pili ni ubongo wenyewe. Kwetu Nyeri, shamba likikaa bila kulimwa, jirani husogeza mpaka. Ubongo nao ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1983, Michael Merzenich na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya tumbili waliokatwa neva ya mkono. Sehemu ya ubongo iliyokosa habari ilianza kuhudumia sehemu jirani za mkono. Isitoshe, nyuzi zinazoota upya hupotea njia: wa kidole gumba huweza kuingia kidole kingine. Ubongo hupokea habari zilizovurugika, na ni lazima ujifunze upya.

Utajifunzaje? Kwa mazoezi. Changanya mahindi na maharagwe makavu ya githeri, ufumbe macho, upapase na kubahatisha ni ipi. Fumbua uangalie, kisha urudie. Kila siku, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Umeme nao husaidia. Mwaka wa 2000, Tessa Gordon wa Kanada na wenzake walionyesha kwamba umeme mdogo wa mipigo 20 kwa sekunde, kwa saa moja tu baada ya neva ya panya kushonwa, uliharakisha kuota kwa nyuzi. Baadaye wagonjwa waliofanyiwa upasuaji walijaribiwa pia. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu. Usije ukachezea nyaya za nyumbani ati unajitibu!

Tahadhari nyingine: mkono wenye ganzi hausikii moto. Katika baridi ya Julai, mtu huweza kuungua kwenye jiko bila habari.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ajali za bodaboda na panga hazijatuisha hapa chini ya Mlima Kenya. Ukimwona aliyeumia, usimwambie ati mkono umekufa. Mhimize arudi hospitalini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kisha uketi naye umshikie bakuli la mahindi na maharagwe.